Fuateni Wapigaji: Dansi za Ukumbini kwa Waukraine

Wazee wangu, shikamooni. Ndugu na dada zangu, habari za jioni. Na ninyi vijana mlioletwa hapa kwa ahadi ya soda na chipsi, vumilieni kidogo, maana mwishoni tutasimama.

Mwenyekiti aliniomba nizungumzie dansi za Ulaya. Ulaya ni pana, na kwingi sikukanyaga. Nimeona bora nikae mahali pamoja, Ukraine, kwa kuwa ndiko nilikojifunza kucheza walsi nikiwa mwanafunzi, na kwa kuwa kuna mama mmoja wa huko ambaye bado nadaiwa naye.

Mama huyo alikuwa mlinzi wa mlango wa hosteli yetu mjini Kharkiv, miaka ya 1980. Alikuwa na kibanda chake cha vioo, birika la chai, na daftari la kuandika nani karudi usiku wa manane. Tulimwogopa kuliko mkuu wa kitivo. Siku moja ya sikukuu tukafungulia disko ukumbini, tukamwona anakuja, nikajua sherehe imekwisha. Kumbe mkononi ana sahani ya santuri. Akaiweka yeye mwenyewe, akanishika mkono mimi niliyekuwa karibu, akasema atanifundisha ngoma ya kwao, ya kijijini Poltava, ngoma ya bibi zake. Tukaenda mbele, tukaachana, tukarudiana, tukazunguka. Akaniambia inaitwa padespani.

Miaka mingi baadaye ndipo nikaja kujua padespani ni nini. Jina ni la Kifaransa, maana yake hatua ya Kihispania. Mtunzi wake ni mwalimu wa dansi wa Moscow, Alexander Tsarman, aliyeitengeneza mwaka 1898 ifanane na mambo ya Uhispania. Basi hebu tazameni: jina la Kifaransa, sura ya Kihispania, mtunzi wa Moscow, na mama wa Poltava anakuapia kuwa ni ngoma ya bibi zake.

Zamani nilikuwa nikisimulia kisa hiki ili watu wacheke. Siku hizi sicheki. Bibi yake, kwa hesabu ya miaka, huenda aliicheza akiwa msichana, kwenye udongo wa kijiji chake, kwa fidla ya jirani yake. Nani tena wa kumwambia si yake? Ninachotaka kuwaeleza jioni hii ni jinsi ngoma ya namna ile ilivyomfikia. Ukiwatazama waalikwa wa ukumbini, waliovaa glovu nyeupe, utaona watu wanaoiga mabwana wao, basi. Mimi nawaomba leo muwaache waalikwa, mwatazame wapigaji.

Kwanza tuijue nchi. Kwa karne nyingi Waukraine hawakuwa na dola moja iliyowakusanya. Magharibi, Lviv na Galicia zilikuwa chini ya Poland hadi mwaka 1772, kisha zikachukuliwa na Austria. Mashariki ya mto Dnipro, Wakosaki, wale wapiganaji wa farasi, walikuwa na kiongozi wao, hetmani, lakini tangu katikati ya karne ya 17 mkono wa Moscow ukawa juu yao, na ukazidi kuwa mzito. Kwa hiyo dansi ziliingia kwa milango mingi, na kila mlango ulikuwa na askari wake. Kutoka Warsaw zilikuja polonezi, mazurka na krakoviaki. Kutoka Vienna ikaja walsi. Kutoka Saint Petersburg zikaja dansi ambazo Saint Petersburg yenyewe ilikuwa imeziazima, maana Tsari Peter alipotoa amri ya mikusanyiko ya jioni mwaka 1718, ya wanaume na wanawake kukaa chumba kimoja na kucheza, alikuwa akiwalazimisha Warusi nao waige Ulaya ya Magharibi. Kuiga kwa amri ya serikali! Hata sisi tunaijua kidogo biashara hiyo.

Sasa nisimulie ukoo mmoja, maana ndani yake mambo yote yamo. Kyrylo Rozumovsky alizaliwa mwaka 1728 katika familia ya Mkosaki wa kawaida, kijiji cha Lemeshi, na utotoni alichunga ng'ombe. Kaka yake Oleksiy alikuwa na sauti nzuri. Sauti hiyo ikachukuliwa kwenda kwaya ya ikulu ya Saint Petersburg, na huko bintimfalme Elizabeth akampenda mwimbaji. Mwaka 1741 Elizabeth akawa malkia wa Urusi. Mdogo mtu akatolewa kwenye ng'ombe, akapelekwa kusoma Ulaya, akarudi akawa rais wa Akademia ya Sayansi akiwa na miaka 18. Mwaka 1750 akafanywa hetmani wa Ukraine. Akafika Hlukhiv, makao yake, akakuta mji mdogo, akaamua kuufanya Saint Petersburg ndogo: michezo ya kuigiza ya Kifaransa, wanamuziki, dansi za ukumbini. Wakosaki wazee, waliozoea hopaki, ngoma yao ya kuruka, wakatakiwa kujua namna ya kuinamia bibi katika minueti, dansi ya adabu ya Kifaransa.

Mwaka 1764 uhetmani ulifutwa na Catherine wa Pili. Kyrylo ndiye hetmani wa mwisho. Ila ukoo haukuishia hapo. Mwanawe Andriy akawa balozi wa Urusi huko Vienna. Ndiye yule ambaye mtunzi Beethoven alimtungia kwartet tatu, muziki wa vyombo vinne vya nyuzi, mwaka 1806. Mwisho wa mwaka 1814, wafalme wa Ulaya walipokutana Vienna kugawana bara baada ya Napoleon, na walsi ikawapagawisha hadi watu wakasema mkutano haufanyi kazi, unacheza tu, Andriy alimwandalia Tsari Alexander karamu kubwa katika jumba lake. Alfajiri ya tarehe 31 Desemba jumba likaungua.

Vizazi viwili tu. Baba alichunga ng'ombe, mwana anakaribisha wafalme katika mji ambao ulikuwa ukiifundisha dunia nzima walsi. Na swali langu la kila siku: nani alikuwa akipiga muziki?

Kule mashambani walikuwa wakipiga watwana. Nieleze neno hili. Mtwana wa Ulaya ya Mashariki hakuletwa na meli. Alizaliwa kwenye ardhi ya bwana na hakuruhusiwa kuondoka. Shamba likiuzwa, naye anauzwa nalo. Mabwana matajiri walichagua vijana wenye sikio zuri, wakawatafutia mwalimu, mara nyingi Mjerumani au Mwitaliano, wakawa na orkestra nzima ya watu wasiolipwa. Huko Kachanivka, jimbo la Chernihiv, bwana Tarnovsky alikuwa na orkestra ya watwana iliyopiga vizuri kiasi kwamba mtunzi Glinka, alipofika mwaka 1838, alijaribishia hapo vipande vya opera aliyokuwa akiitunga.

Huko Kyiv kulikuwa na soko la mikataba kila majira ya baridi, tangu mwishoni mwa karne ya 18, katika mtaa wa Podil. Mabwana wa Kipoland na wa Kirusi walikutana huko kuuziana mashamba. Asubuhi wanasaini karatasi ya kuuza shamba na watu waliomo, usiku wanacheza mazurka. Mwaka 1847 Liszt mwenyewe, yule mpiga piano maarufu, alipiga hapo. Mimi huwaza juu ya mtu wa fidla anayepiga mazurka ile bila kujua kama mchana huo jina lake limo kwenye karatasi.

Ukumbi wenyewe ulikuwa na utaratibu wake, nitaupitia haraka. Kufungua ni polonezi, ambayo kusema kweli ni matembezi: mwenyeji na mgeni mheshimiwa mbele, wengine jozi jozi nyuma, na nafasi yako kwenye msururu inaeleza cheo chako. Halafu walsi, halafu kadrili za Kifaransa, kisha mazurka, ambayo ndiyo kilele, maana hapo mwanamume anaonyesha miguu na magoti. Kufunga ni kotilioni. Mabinti walifundishwa haya yote shuleni. Kharkiv ilikuwa na chuo cha mabinti wa makabaila tangu mwaka 1812, Poltava tangu 1818. Binti asiyejua mazurka ni kama asiyejua kusoma.

Kuna usiku mmoja wa dansi ambao siwezi kuuacha. Juni mwaka 1843, jumba la Moisivka, kwa bibi tajiri aliyeitwa Volkhovska, ambako mabwana wa mkoa mzima walijaa kila mwaka kwa sikukuu yake. Miongoni mwa wageni aliingia Taras Shevchenko, mshairi, ambaye watu walikuwa tayari wanakariri mashairi yake. Wakamzunguka. Shevchenko huyu alizaliwa mtwana. Alikuwa amekombolewa miaka 5 tu nyuma, kwa rubo 2,500, pesa iliyopatikana kwa kuuzwa picha aliyochora msanii mmoja mkubwa wa Saint Petersburg. Na usiku ule aliposimama chini ya vinara vya mishumaa, kaka zake na dada yake bado walikuwa watwana kijijini kwao Kyrylivka. Wakaendelea kuwa hivyo hadi mwaka 1860. Sijui kama yupo mtu mwingine katika ukumbi wowote wa dansi wa Ulaya aliyesikia muziki kwa masikio ya pande mbili kama yule.

Watwana wa Austria waliachiwa mwaka 1848, wa Urusi mwaka 1861. Na hapa ndipo naomba tusogee karibu. Mabwana wengi walifilisika, orkestra zikasambaratika. Mpiga fidla aliyefundishwa na Mjerumani akarudi kijijini na vidole vyake. Ongezeni na askari: baada ya sheria mpya ya jeshi ya mwaka 1874, vijana wa vijijini walitumikia miaka michache na kurudi nyumbani wangali vijana, na waliokuwa katika bendi za jeshi walirudi na tarumbeta na polka kichwani. Wenye asili ya Lamu na Mombasa hapa hawahitaji maelezo, maana beni ilizaliwa hivyohivyo: gwaride linapita, watoto wanalifuata, kesho kuna ngoma.

Kijijini, bendi ya harusi ya Kiukraine ni watu watatu, na jina lake lenyewe lina maana hiyo, troisti muzyky: fidla, ngoma, na tsimbaly, ambayo ni ndugu wa kanuni yetu ya taarabu, ila yenyewe haidonolewi bali hugongwa kwa vijiti viwili. Miji midogo ilikuwa pia na wapigaji wa Kiyahudi, waliopiga kwenye majumba ya mabwana na kwenye harusi za wakulima vilevile, kwa hiyo wimbo uliosikika Jumamosi kwa bwana ungeweza kusikika Jumapili kwa mtumishi wake. Hawa ndio mabomba yaliyopitisha maji.

Na maji yalibadilika rangi njiani. Chukueni kadrili. Ukumbini ni dansi ya adabu, jozi zinatazamana, figa baada ya figa, yaani mpangilio mmoja wa hatua baada ya mwingine, mtu anaita kwa Kifaransa. Kijijini hakuna wa kuita kwa Kifaransa. Figa zikapunguzwa, mwendo ukaongezwa, ukaingia mguu wa kukanyaga chini na makofi, na kila wilaya ikawa na kadrili yake isiyofanana na ya jirani. Chukueni polka, iliyozuka Bohemia miaka ya 1830, ikaitia Paris wazimu mwaka 1844. Ukraine ikawa ya kila harusi. Mtafiti Andrii Humeniuk, aliyekusanya ngoma za nchi nzima katikati ya karne ya 20, hakuona haya kuziweka polka na kadrili pamoja na hopaki na kolomyika, ngoma ya duara, katika kundi la ngoma za maisha ya kila siku. Namheshimu kwa hilo. Kuna watafiti wa ngoma za asili, hata hapa kwetu, wakisikia gitaa tu wanafunga daftari.

Lakini nisije nikapaka asali. Kuazima kwa hiari ni jambo moja, kupangiwa cha kuazima ni jingine. Mwaka 1876 Tsari Alexander wa Pili, akiwa mapumzikoni katika mji wa Ems huko Ujerumani, alitia saini amri iliyokataza vitabu vya Kiukraine, tamthilia za Kiukraine, na hata maneno ya Kiukraine kuchapwa chini ya noti za muziki. Noti zenyewe ziliruhusiwa. Yaani wimbo uje bila mdomo. Katika hali hiyo ngoma ilipata uzito ambao haikuuomba, kwa sababu mguu hauna lugha ya kukatazwa. Masharti yalipolegea kidogo miaka ya 1880 na vikundi vya tamthilia vikapata ruhusa, jukwaa likajaa hopaki. Ndiyo maana nikiona Mwukraine anacheza hopaki kwa fujo ya kupindukia, siulizi sana.

Upande wa Austria pumzi ilikuwa nyingi zaidi. Lviv ilikuwa na vyama, magazeti, makanisa yenye kwaya, na kila chama kilikuwa na jioni yake ya dansi. Baada ya Vita ya Kwanza mji ukawa chini ya Poland, na hapo pakazuka kitu ninachokipenda kuliko vyote katika hadithi hii: tango la Kiukraine. Vijana msicheke, si tango la kachumbari. Tango ya Buenos Aires ilipitia Paris, ikapitia Warsaw, ikafika Lviv miaka ya 1930, ikakuta kijana wa sheria na muziki aitwaye Bohdan Vesolovskyi. Akaanza kutunga tango na foksitroti kwa Kiukraine. Bendi yao iliitwa Yabtso-Jazz, jina lililochezea jina la kiongozi wao, Leonid Yablonsky, na neno la huko la tunda la epo. Mwimbaji alikuwa binti wa padri, Iryna Yarosevych.

Oneni ujasiri wa Vesolovskyi. Waliokuwa wakijiita wazalendo walitaka vijana waimbe nyimbo za mashujaa wa Kikosaki. Wapoland walitawala ukumbi, redio na mtindo. Vesolovskyi akasema, kwa vitendo si kwa maneno, kwamba Kiukraine nacho kinaweza kutongozea. Kwamba lugha isiyoweza kumwambia mtu «nisogelee» kwenye sakafu ya dansi ni lugha ya makumbusho. Haya ni maneno yangu, yeye alitunga muziki tu. Wanazuoni wa mashairi yetu ya taarabu wananielewa.

Septemba 1939 Wasovieti waliingia Lviv na kila mtu akatawanyika. Vesolovskyi aliishia Montreal, akafanya kazi katika idhaa ya Kiukraine ya redio ya Kanada ya kimataifa, akafariki mwaka 1971. Iryna akaingia katika jeshi la Wapoland lililotoka Urusi, akaimba kwa jina la Renata Bohdańska, mwaka 1948 akaolewa na Jenerali Anders, mkuu wa jeshi hilo, akafariki London mwaka 2010. Nyimbo zao zilikaa kimya nyumbani kwa miaka, sasa zinapigwa tena Lviv na vijana wasiojua tango ilitoka wapi, wala hawajali.

Nirudi kwa Wasovieti. Mwishoni mwa miaka ya 1940, katika kampeni ya kupiga vita kila kilichonuka Magharibi, dansi nazo zilibadilishwa majina. Foksitroti ikaitwa dansi ya haraka. Tango ikaitwa dansi ya polepole. Ofisa fulani alikaa mezani akaamua kwamba tatizo la foksitroti ni jina. Katika shule na mabustani zikahimizwa dansi za karne iliyopita, zile za makabaila: padekatri, padegrasi, walsi ya figa, na padespani ya mama yangu. Mapinduzi yaliyowafukuza makabaila yakawafundisha watoto wa wafanyakazi dansi za makabaila. Nilipoelewa hilo nilikaa chini.

Hata hivyo nisiwaseme vibaya tu. Kila mji wa Ukraine ulikuwa na uwanja wa dansi katika bustani, sakafu ya mbao yenye uzio, bendi ya matarumbeta inapiga, kiingilio kidogo. Watu waliooana kwa sababu ya uwanja ule hawahesabiki. Na mwaka 1957 Moscow ilipoandaa Tamasha la Vijana na Wanafunzi wa Dunia, vijana wa nchi zote wakaingia na viatu vyao, pakawa na mashindano ya dansi za ukumbini, na mlango ukafunguka tena. Miaka iliyofuata zikaanzishwa studio katika miji ya Muungano wa Kisovieti, na Kyiv, Kharkiv na Odesa nazo zimo. Walijifunza mtindo wa Kiingereza, ule ambao walimu wa London waliupanga miaka ya 1920 wakaupimia kila hatua: walsi, tango, walsi ya Vienna, foksitroti, kwikstepi. Na upande wa Kilatini: samba, chachacha, rumba, pasodoble, jaivu. Serikali ikadai washindani wacheze pia dansi za Kisovieti zilizobuniwa kwa kazi hiyo, kama sudarushka. Wakacheza, wakamaliza, wakarudi kwenye rumba.

Hapo kwenye rumba nisimame kidogo, maana naona mzee mmoja anatikisa kichwa. Mzee wangu, rumba ya mashindano si ya Franco wa Kongo. Mara ya kwanza nilipoalikwa kutazama mashindano Kharkiv na kusikia tangazo la rumba, nilikaa mkao wa kusubiri gitaa. Nikaletewa jambo la polepole, la mahaba, makalio yanahesabiwa kwa hesabu za London. Asili yake ni Cuba, kwa watu waliotolewa kwetu Afrika. Sahani za santuri za Cuba zenye alama ya GV, zilizoanza kutolewa mwaka 1933, ziliuzwa hadi Kinshasa na Dar es Salaam, tukazitambua kama mtu anayetambua sauti ya ndugu kwenye simu. Tawi jingine lilikwenda London, likanyooshwa, likapigwa pasi, likatumwa Kharkiv. Unesco iliiweka rumba ya Cuba kwenye orodha yake mwaka 2016 na ya Kongo mwaka 2021. Ya London haimo. Nasema tu.

Lakini Waukraine waliifanyia kazi. Baada ya uhuru wa mwaka 1991 pesa hazikuwepo, na wahenga walisema mcheza kwao hutunzwa. Hawa ikabidi wakatunzwe ugenini. Ndugu wawili wa Odesa, Maksim na Valentin Chmerkovskiy, walihamia Marekani na wazazi wao mwaka 1994, wakaja kuwa nyota wa mashindano ya dansi ya televisheni. Karina Smirnoff, mzaliwa wa Kharkiv, vilevile. Nikita Kuzmin wa Kyiv alikulia Italia, kisha akawa mcheza dansi wa televisheni ya Uingereza. Yaani Mwingereza aliyeiandika foksitroti anafundishwa na mtoto wa Kyiv.

Na mwaka 2006 mashindano hayohayo ya Kiingereza ya televisheni, nyota na mcheza dansi, yalitengenezwa kwa Kiukraine. Mshindi wa msimu wa kwanza alikuwa mchekeshaji mfupi mwenye nguvu za ajabu, akiwa na mwalimu wake Olena Shoptenko. Mchekeshaji huyo aliitwa Volodymyr Zelensky. Mkitaka kujua kama mtu anaweza kusimama wima akiwa amechoka, mwangalieni kwenye kwikstepi.

Waliohama zamani zaidi nao wana yao. Tangu mwaka 1891 Waukraine walianza kuhamia Kanada kulima ngano. Mwaka 1925 akawafuata Vasyl Avramenko, mwalimu wa ngoma asiyetulia, aliyeanza kufundisha wenzake katika kambi ya wafungwa wa vita huko Kalisz, Poland, mwaka 1921. Akafundisha vijiji vizima vya Kanada, na mwaka 1931 akapandisha ngoma hizo kwenye jukwaa la Metropolitan Opera, New York. Hadi leo, kwenye dansi za Waukraine wa Toronto au Philadelphia, mabinti huvaa nguo nyeupe ndefu wakatambulishwa kwa walsi kama Vienna ya zamani. Kisha, usiku ukishakolea, bendi inaingia kolomyika. Duara linafunguka, glovu zinavuliwa, na mmoja mmoja wanaruka katikati kuonyeshana. Ukumbi na kijiji vinalala kitanda kimoja.

Mwezi Juni 2022 niliona picha kutoka Kharkiv. Wanafunzi waliomaliza shule, wavulana na wasichana waliovaa vizuri, wanacheza walsi ya kuagana mbele ya shule yao iliyoharibiwa kwa makombora. Ni desturi ya kila mwaka kule, nami niliiona nikiwa mwanafunzi, uani, spika imewekwa dirishani. Safari hii dirisha halikuwepo. Sikuweza kuitazama picha ile muda mrefu. Nilimtafuta katikati yao yule mama wa kibanda cha vioo, ingawa najua kwa umri wake hawezi kuwepo.

Mengine nitayasema tukiwa mezani. Wapigaji wetu hawa wa jukwaani niliwapa polka moja ya Kiukraine wiki iliyopita. Jana nilikuja kuwasikiliza mazoezini, nikakuta gitaa la solo limeshaanza kuipinda, na mpiga tumba ameweka kitu chake mahali ambapo hapakuwa na kitu. Sikuwazuia.

Haya, sogezeni viti ukutani. Wenye magoti mabaya wabaki na soda zao. Wanaume mguu wa kushoto, wanawake wa kulia, ni hatua tatu za harakaharaka na kuruka kidogo. Mwalimu, tupigie.